BIONICLE iendelezwe, lakini tujue tunaendeleza kipi

Katika BIONICLE, hadithi ya midoli ya LEGO, mashujaa Kopaka na Pohatu wamekwama ndani ya Nyota Nyekundu tangu mwaka 2011. Walikuwa wanachunguza mauaji, wakajikuta wamerushwa huko juu, wakawakuta watu waliokufa zamani wakiwa hai, na mashine ya kuwarudisha nyumbani imeharibika. Greg Farshtey, mwandishi mkuu wa hadithi hiyo, aliishia hapo. Wakati huohuo Gelu, Orde, Chiara na Zaria wako njiani kuwatafuta Viumbe Wakuu walioumba ulimwengu wao, na Sahmad wa Kabila la Chuma anasaka chanzo cha tauni ya ndoto iliyowamaliza ndugu zake. Hadithi tatu zimekatwa katikati, na midoli yenyewe ilishasimama kutengenezwa mwaka 2010.

Wakusanye wapenzi wa BIONICLE watatu hapa Dar, wa Sinza, wa Ilala na wa Mbagala, na utapata misimamo mitatu. Wa kwanza atasema iachwe ilivyo, kwa sababu vita vya Mata Nui na adui yake Makuta vilikwisha na sayari ikaungana. Wa pili atataka ianzishwe upya kabisa, maana mtoto wa leo hawezi kumeza miaka kumi ya vitabu kabla ya kuanza kufurahia. Wa tatu atataka iendelee kuanzia palepale ilipokatika. Niko upande wa huyu wa tatu, kwa sharti moja ambalo wengi wa upande huohuo hawalipendi: msingi uwe kilichochapishwa na kuonyeshwa, yaani maboksi, katuni, vitabu, filamu na mifululizo rasmi. Majibu yote ambayo Farshtey aliwapa mashabiki walipomuuliza maswali, na ni maelfu, yahesabiwe kuwa ushauri wa mzee mwenye kuijua shughuli. Yasihesabiwe kuwa hadithi.

Kwa aliyeikuta juujuu kupitia DVD za mitaani: LEGO ilianza kuuza midoli hii mwaka 2001. Mashujaa sita, Tahu, Gali, Kopaka, Lewa, Onua na Pohatu, walifika kisiwa cha Mata Nui wakiwa ndani ya makopo, na dukani pia waliuzwa ndani ya makopo. Boksi na hadithi vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 2004 tukarudishwa nyuma hadi jiji la Metru Nui, tukaambiwa kwamba wanakijiji wa kisiwani walikuwa wamefutwa kumbukumbu na kwamba wazee wao, akina Turaga, walikuwa wakiificha siri hiyo. Mwaka 2008 ikafichuka kwamba kisiwa chenyewe kilikuwa kimefunika uso wa jitu la chuma, Mata Nui mwenyewe, lililolala baharini, na kwamba dunia yote tuliyokuwa tukiisoma ilikuwa ndani ya mwili wake. Fumbo hilo halikuokotwa njiani. Christian Faber, mmoja wa waasisi, alikuwa nalo tangu mwanzo.

Ndiyo sababu siwaafiki wanaosema hii ni "hadithi ya midoli tu, andika chochote". Fumbo lililotunzwa miaka saba haliendelezwi kwa kubahatisha.

Wanaotaka kuanza upya wana jaribio tayari mbele yao. LEGO iliirudisha BIONICLE mwaka 2015 kwa kisiwa kipya cha Okoto, na mashujaa wenye majina yaleyale sita. Mwaka 2016 ikafungwa. Midoli ilikuwa mizuri, viungo imara, rangi safi. Hadithi ndiyo ilikuwa nyembamba: vinyago vinatafutwa, vinapatikana, adui anakuja, anashindwa. Jina la Tahu peke yake halivuti mtu kama Tahu huyo hana historia ya kumvuta. Aliyemjua wa zamani alimwona mgeni, na asiyemjua hakuona kwa nini amjali.

Upande wa kuendeleza nako kuna mifano, na inafundisha zaidi. Katuni ya G.I. Joe ya Marvel ilianza 1982 ikafa 1994 kwenye toleo la 155. Mwandishi wake mkuu alikuwa Larry Hama. Mwaka 2001 kampuni nyingine, Devil's Due, ikaiendeleza bila ya yeye kuwa kwenye usukani, watu wakasoma kwa miaka. Kisha mwaka 2010 kampuni ya IDW ikamrudisha Hama, akaanza na toleo la 156 kana kwamba kazi ya Devil's Due haijawahi kuwepo. Ikaenda hivyo hadi toleo la 300 mwaka 2022, na mwaka uliofuata mchapishaji mwingine akaipokea kwenye 301. Transformers ilipita njia hiyohiyo: katuni ya Marvel iliyoishia namba 80 mwaka 1991 ilirudishwa 2012 na Simon Furman hadi ikafika 100, na matoleo 12 ya "Generation 2" yaliyokuwa yametoka katikati yakarukwa.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, pengo la miaka kumi na sita si kizuizi, msomaji atarudi. Pili, mwendelezo wowote unaweza kufutwa na mwendelezo unaofuata, hata ukiwa na leseni. Anayeandika leo akidhani anaweka neno la mwisho anajidanganya.

Masters of the Universe, hadithi ya midoli ya He-Man, ni onyo la aina nyingine. Mfululizo wa Netflix wa mwaka 2021 ulitangazwa kuwa unaendeleza katuni ya televisheni ya miaka ya 1983 hadi 1985, kisha He-Man akauawa kipindi cha kwanza. Makelele yaliyofuata yalihusu ahadi zaidi ya kifo: mtu aliambiwa anaendelea na safari, akashushwa kituo cha kwanza. Lakini na wao mashabiki wajue, vijitabu vya mwanzo vilivyowekwa ndani ya boksi mwaka 1982 havikuwa na Prince Adam, mwanamfalme anayegeuka He-Man, hata kidogo. He-Man alikuwa mtu wa porini. "Ile ya asili" wanayoililia nayo ilikuwa marekebisho.

Sasa nirudi kwenye sharti langu, kwa sababu ndipo ugomvi ulipo.

Farshtey alikuwa mkarimu kupita kiasi. Ukimuuliza, anajibu. Mashabiki wakamuuliza rangi za watu wasioonekana popote, umri, nani angemshinda nani, kama mapenzi yapo kati ya Matoran, wale wanakijiji (alisema hapana, na mpaka leo watu wanagombana kwa jibu hilo). Majibu yote yakakusanywa na kuwekwa kwenye kurasa za marejeo, yakachanganywa na yaliyomo vitabuni hadi msomaji wa kawaida hawezi kutofautisha. Baadaye, katika miaka ya 2020, mashabiki waliandaa mashindano kwa ridhaa yake ili sura za wahusika waliotajwa kwa maandishi tu, kama Helryx na Artakha, zipigiwe kura na kuhesabiwa rasmi. Wazo zuri la kuwakutanisha watu. Kwa hadithi lina kasoro: aliyeshinda ni fundi mzuri wa kujenga, na fundi anaamua kwa vipande alivyonavyo, si kwa mahitaji ya tukio linalokuja.

Chukua urefu wa lile jitu. Takwimu inayotajwa kila mahali ni futi milioni 40. Piga hesabu: ni kilomita 12,192. Kipenyo cha dunia yetu ni kama kilomita 12,740. Yaani mwili mmoja wenye urefu unaokaribia kipenyo cha dunia, zaidi ya mara kumi ya barabara ya Dar hadi Mwanza, unasimama juu ya sayari na kupigana. Sayari hiyo iwe kubwa kiasi gani? Na wale Glatorian, wapiganaji wa sayari hiyo, wanaotoka kijiji kimoja hadi kingine kwa mnyama au kwa gari la jangwani, wanafika lini? Hadithi haihitaji namba hiyo popote. Inachohitaji ni jitu ambalo tumboni mwake mna visiwa, bahari na miji. Ukiifunga namba kwenye msingi, kila sura itakayoandikwa baadaye italazimika kuikwepa.

Hapa Dar tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Aliyekaa kwenye banda la video Lufufu akitafsiri filamu anajua kwamba Lufufu hakuwa anasoma tafsiri. Alikuwa anaongeza utani, anawapa wahusika maelezo ambayo filamu haikuwa nayo, na banda zima lilimfurahia. Hakuna aliyetoka pale akidai kwamba maneno ya Lufufu yako kwenye filamu. Tabaka mbili, zote zinapendwa, na kila moja inajulikana ni ya nani. Mashabiki wa BIONICLE wameshindwa kwenye hilo tu.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuendeleza kianze na daftari kabla ya sura ya kwanza. Jedwali la kawaida kwenye simu linatosha, lenye safu tano: tukio au sifa, chanzo, mwaka, daraja, na kinachogongana nacho. Daraja A ni kilichotoka kwenye katuni, vitabu, filamu, maboksi na mifululizo rasmi ya mtandaoni. Daraja B ni majibu ya mwandishi. C ni matokeo ya mashindano. D ni ya kwenu wenyewe. Kanuni ni fupi: A haivunjwi bila sababu iliyoandikwa ndani ya hadithi, B inafuatwa ikisaidia na kuachwa ikibana, C ni picha ya kukuongoza, D hubaki D hata ikipendwa namna gani. Mahali kazi inapoharibika ni safu ya chanzo. Watu huandika "inajulikana" au hunakili ukurasa wa marejeo bila kutazama ulichukua wapi, na baada ya mwezi B zimejipenyeza kwenye A bila mtu kuona. Safu hiyo ikiwa tupu, mstari ufutwe. Na msijaze jedwali kwa miaka yote kumi. Mtachoka kabla ya kuandika neno. Jazeni wahusika wa hadithi mliyoichagua tu.

Ipi ichaguliwe? Ya Sahmad ni fupi, ina watu wachache, inafaa kwa mazoezi. Ile ya kuwatafuta Viumbe Wakuu inadai maeneo mengi mapya ya kubuni, na kikundi kichanga kitazama kwenye ramani. Mimi ningeanza na ya Kopaka na Pohatu, ingawa ndiyo yenye mitego mibaya zaidi.

Mtego wa kwanza ni Nyota Nyekundu yenyewe. Farshtey alionyesha kwamba wanaokufa hupelekwa huko na kufufuliwa, ila mashine ya kuwarudisha imegoma. Mwandishi mwenye huruma atakimbilia kuitengeneza. Siku inapotengenezwa, shujaa Lhikan aliyekufa kwenye hadithi ya 2004 anashuka, na kila kaburi la miaka kumi linafunguka. Kuanzia hapo hakuna kifo kitakachomtisha msomaji. Kwa hiyo mashine ibaki mbovu, na ubovu wake uelezwe kifundi: kipi kimekatika, nani alijaribu kukirekebisha, kwa nini alishindwa. Shujaa Matoro asiguswe kabisa. Mwaka 2007 aligeuka nishati ili Mata Nui apate uhai tena, hakuacha mwili, na ndilo tukio lililobeba uzito kuliko yote kwenye mfululizo mzima.

Mtego wa pili ni wa kiufundi zaidi, na wengi huuona wakiwa wameshaandika nusu. Hii ni hadithi ya upelelezi. Karzahni ameuawa, Tren Krom ameuawa. Sasa tazama vifaa vya wapelelezi wenyewe. Kopaka anavaa Akaku Nuva, kinyago cha kuona kupitia ukuta. Pohatu anavaa Kakama Nuva, kinyago cha mbio. Na vinyago vya Nuva nguvu zake zinaweza kugawiwa kwa walio karibu, kwa hiyo wote wawili wanaona na wote wawili wanakimbia. Ukificha ushahidi nyuma ya mlango, Kopaka ameshauona kabla ya aya kwisha. Ukimweka shahidi mbali ili kuchelewesha mambo, Pohatu ameshamfikia. Silaha mbili kuu za hadithi za upelelezi, ukuta na umbali, zimekufa.

Kinachobaki ni vitu visivyoonekana kwa jicho wala kufikiwa kwa mguu: uongo, kumbukumbu, na wakati. Kopaka anaweza kuuona moyo wa mtu ukidunda kifuani, lakini haoni anachokificha. Tukio zuri la kuanzia ni mahojiano. Mfufuliwa aliyekaa humo muda mrefu anaeleza kifo chake, Kopaka anatazama chumba kizima kupitia kuta tatu na haoni kitu, wakati jibu liko kwenye neno moja ambalo mfufuliwa amelirudia mara mbili kwa namna tofauti. Pohatu, ambaye ndiye mcheshi na anayependa watu, ndiye alinase. Hapo tabia zinafanya kazi ambayo nguvu haziwezi.

Tena msidanganye kuhusu muuaji. Mfululizo ulishafichua kwamba Velika, yule Matoran wa mafumbo kutoka Voya Nui, ni Kiumbe Mkuu aliyejificha. Msomaji anajua. Swali la "ni nani" limeisha; linalobaki ni lini wahusika watajua, na watamfanya nini mtu aliyeshiriki kuuumba ulimwengu wao. Anayejaribu kugeuza ubao na kusema muuaji alikuwa mwingine amevunja daraja A kwa ajili ya mshtuko wa ukurasa mmoja.

Majina nayo yana historia inayofaa kusomwa taratibu. Mwaka 2001 LEGO ilichukua maneno mengi ya Kipolinesia, hasa ya Kimaori, na wanakijiji wa kisiwani waliitwa Tohunga, neno ambalo kwa Wamaori ni cheo cha mtaalamu mwenye heshima, akiwemo wa mambo ya ibada. Mwanasheria Maui Solomon aliwasilisha malalamiko kwa niaba ya Wamaori, na kampuni ikakubali kubadilika. Tohunga wakawa Matoran. Huki akawa Hewkii, Jala akawa Jaller, Maku akawa Macku. Kilichonifurahisha ni jinsi hadithi ilivyolibeba badiliko hilo: ikawekwa Siku ya Majina, sherehe ya kijijini ambapo waliofanya ushujaa dhidi ya Bohrok, viumbe waliokivamia kisiwa, walipewa majina mapya kwa heshima. Kosa la nje likarekebishwa kwa tukio la ndani, na tukio lenyewe likawa zuri. Huo ndio ufundi wa kurekebisha.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili hili linamhusu moja kwa moja. Kishawishi cha kuwaita viumbe wapya kwa vyeo vya watu walio hai, shehe, mganga, mwinyi, kipo na kinavutia masikio. Kiepukwe. Buni jina lenye silabi wazi kama yalivyo yale ya zamani, liulizie kwa watu wa makabila mawili matatu kama halina maana nzito, kisha ulitumie.

Umbo la mhusika ni jambo ambalo waandishi hulipuuza na wajenzi hulikuza mno. Katika BIONICLE kila umbo jipya lilitokana na haja ya kuuza mdoli mpya, lakini kila mara hadithi ilitoa sababu: Toa, yaani wale mashujaa sita, walitumbukia kwenye kimiminika cha nguvu wakatoka wakiwa Toa Nuva. Shikeni desturi hiyo. Mhusika asibadilike mwili kwa kuwa fundi wenu kapata vipande vipya soko la Karume.

Na kwa kuwa vipande vya hapa hutoka kwenye marundo ya mtumba au ya kuigiza, pimeni kabla ya kuamua. Gololi ya kiungo cha LEGO ina kipenyo cha milimita 10.2, na ekseli, kile kijiti cha kuunganishia, 4.8. Gololi ya kuigiza ikipungua hata kidogo, mkono hauinuki, unaning'inia. Vikombe vinavyoshika gololi vya miaka ya 2007 na 2008, hasa vya kijani cha ndimu, hupasuka: plastiki yake ni dhaifu na gololi huitanua mchana na usiku, ufa unaanzia mdomoni. Kikombe cha aina hiyo kiwekwe kwanza kwenye maji ya moto ya kuoga dakika chache ndipo kivutwe, tena kwa kuzungusha. Kinyago cha kuchapa kwa printa ya 3D kisitengenezwe kwa PLA kama kitakaa kwenye gari. Plastiki hiyo hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi iliyoegeshwa juani Kariakoo mchana hufika huko. Plastiki ya PETG inavumilia. Tundu la ekseli lijaribiwe kwa 4.8, 4.9 na 5.0, kwa kuwa printa nyingi huchapa tundu dogo kuliko lililochorwa.

Sheria nayo isisahaulike. LEGO bado ina jina, wahusika na alama, na bado inavitumia: mwaka 2023 ilitoa seti ndogo ya Tahu na Takua, namba 40581, kama zawadi kwa wanunuzi. Mwaka 2025 waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa mashabiki, Masks of Power, walitangaza kwamba wanaacha baada ya LEGO kuwataka wasimamishe, na hiyo ilikuwa kazi ya miaka mingi. Hapa nchini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa kutafsiriwa na kugeuzwa kwa kazi yake. Kwa hiyo msiuze, msichangishe fedha, msiweke nembo, na msijenge kitu kikubwa kiasi kwamba kikizuiwa mmepoteza kila kitu. Sehemu fupi za maneno 800 hadi 1,000 zinafaa: zinasomeka kwenye daladala, hazili bando, na ikibidi kusimama mnasimama bila kuacha jengo nusu.

Sehemu ya kwanza iwe na Kopaka, Pohatu na mfufuliwa mmoja ambaye tayari alishatajwa kwenye mfululizo. Mavrah anafaa, kwa kuwa tunajua alivyokufa na alikuwa msomi wa kumbukumbu huko Metru Nui. Asiwepo mhusika mpya hata mmoja, wala Velika asionekane. Daraja D zisizidi mbili katika sehemu hiyo nzima, nazo ziandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo.